Canon EF 16-35mm: toleo la pili, la tatu, au ile ya f/4 IS?

Ukumbini

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa waliokwisha kuzishika lenzi hizi mkononi.

Kamera ni 5D Mark IV. Kazi ni za aina mbili: harusi, nyingi zikiwa ukumbini usiku, na picha za vyumba vya hoteli na nyumba za kupangisha. Lenzi ya pembe pana inahitajika, na sokoni ziko tatu za mtumba: 16-35mm f/2.8L II, 16-35mm f/2.8L III, na 16-35mm f/4L IS (namba ya f ikiwa ndogo lenzi inaingiza mwanga zaidi; IS ni kizuia mtikisiko). Ya II na ya f/4 bei zake zinakaribiana. Ya III iko juu sana. Kuna muuzaji mwingine ameandika tu "16-35 2.8" bila kutaja toleo, na bei yake ni ya chini kuliko zote.

Maswali:
1. Tofauti ya II na III inaonekana kweli kwenye picha, au ni ya kwenye karatasi?
2. Filta zilizopo ni za milimita 77. Zitafaa?
3. Je, f/4 IS inaweza kubeba harusi?
4. Nikienda kwa muuzaji, nikague nini?

Natanguliza shukrani.

FundiLenzi

Mkuu, tuanze na huyo muuzaji wa "16-35 2.8" asiyetaja toleo. Mwulize tu kifuniko cha mbele ni cha milimita ngapi. Akisema 77, hiyo ni ya kwanza kabisa, iliyotoka 2001. Toleo la II la 2007 na la III la 2016 yote ni 82. Namba hiyo imeandikwa kwenye lenzi yenyewe baada ya alama ya Ø, kwa hiyo hakuna kubishana. Ya kwanza iache. Kwa f/2.8 kona zake ni laini mno kwa sensa ya megapikseli 30, na vipuri vyake vimeadimika. Ikiharibika utakuwa unatafuta lenzi nyingine ya kuchinja.

Sasa swali lako la kwanza. Katikati ya picha tofauti ya II na III ni ndogo. Mteja hataiona, na wewe mwenyewe utaiona ukikuza hadi asilimia 100 tu. Tofauti yote iko kwenye kona, na iko hasa kati ya f/2.8 na f/5.6 ukiwa 16mm. II ikiwa f/2.8, kona zinayeyuka: herufi za bango lililo pembeni hazisomeki vizuri, na maua ya meza ya mwisho yanakuwa kama yamepakwa mafuta. Ukifunga apecha (tundu la mwanga) hadi f/8 zinakaza, na hapo pengo na III linapungua sana. III inakuwa kali hadi kona tangu f/2.8. Ndiyo maana imeongezeka uzito, kutoka gramu 640 hivi hadi 790.

Jambo ambalo watu wa harusi wanalisahau ni koma. Angalia zile taa ndogondogo za mapambo zinazoning'inia kwenye kitambaa nyuma ya jukwaa. Katikati ya picha kila taa ni nukta. Kadiri unavyokwenda kona, kwa II nukta inaota mabawa, inakuwa kama ndege mdogo aliyefungua mbawa, na kwa mamia ya taa ukuta mzima wa pembeni unaonekana umechafuka. Hakuna programu inayorekebisha hilo. III imelipunguza sana, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulipia zaidi kama kazi yako kuu ni kumbi za usiku.

Lakini III nayo ina ugonjwa wake. Ikiwa 16mm na f/2.8, kona zinakuwa na giza zito, karibu stopu nne pungufu ya katikati (kila stopu ni mwanga mara mbili). Stopu nne ni mwanga mara 16. Maana yake ukipiga kwa ISO 3200 (wepesi wa sensa kwa mwanga) halafu programu ikanyanyua kona hizo hadi zilingane na katikati, pale kwenye ncha kabisa noizi (chembechembe) inakuwa kama umepiga kwa ISO 51200. Kwa hiyo usiweke marekebisho ya giza kwa asilimia 100 kwenye picha za ukumbini. Weka 40 hadi 50, acha kona ziwe na kiza kidogo. Kwa picha ya watu wanaocheza ngoma hata inapendeza. Ukifunga hadi f/4 tatizo linapungua sana.

KutaNne

Nijibu upande wa vyumba, maana huko mizani inageuka.

Kwa picha za hoteli, f/4 IS ya 2014 ni bora kuliko II, na sisemi hivyo kwa kusitasita. Kona zake ni kali tangu f/4, inatumia filta za 77 kwa hiyo ulizonazo zinaingia moja kwa moja, na uzito ni gramu 615 tu. Chumba hakikimbii. Utaweka kamera kwenye stendi, f/8, ISO 100, na f/2.8 hutaigusa siku nzima. Kulipia f/2.8 kwa kazi hiyo ni kununua kitu kitakachokaa ndani ya boksi.

Mahali ambapo IS inaokoa ni kwenye ngazi, korido, bafu dogo, na zile nyumba za Mji Mkongwe ambazo stendi haina pa kufungua miguu. Canon inataja stopu nne. Kwa 16mm mkono wa kawaida unashika 1/15 ya sekunde bila shida; ukiwa na IS, ukibana viwiko na kupiga fremu tatu mfululizo, nusu sekunde inapatikana. Kamera ikiwa kwenye stendi, zima IS kabisa.

Kuhusu kupinda kwa mistari: zote tatu zikiwa 16mm zinatumbua fremu za milango iliyo pembeni kwa nje. Ukisogeza hadi 20 au 24mm mistari inanyooka karibu yote. Profaili ya lenzi ndani ya programu inarekebisha iliyobaki, lakini inakula pembe kidogo, kwa hiyo acha nafasi ya vidole viwili pembeni ya fremu. Kuta kuanguka nyuma si kosa la lenzi, ni kamera kuinamishwa. Weka kamera sentimita 120 hadi 140 kutoka sakafuni, washa kipimo cha usawa kwenye skrini, na usiinue pua yake. Kama dari limezidi, shusha kwa kukata picha baadaye.

Usifunge zaidi ya f/11. Kuanzia f/16 ukali unashuka kwenye picha nzima, na huna sababu: kwa 16mm na f/8, ukifokasi mita 1.1 kila kitu kuanzia nusu ya umbali huo hadi mwisho wa upeo kinakubalika. Kwa f/2.8 namba hiyo inakuwa mita 3 hivi.

Jambo moja II inawashinda wenzake: nyota za taa. Ina pleti 7 za apecha, na namba witiri huzaa ncha mara mbili, kwa hiyo taa ya ukutani kwa f/11 au f/16 inatoa nyota ya ncha 14, ndefu na safi. III na f/4 IS zina pleti 9, ncha 18, fupi na zimebanana. Wapo wapigaji wa mandhari wanaoing'ang'ania II kwa hilo tu, nami nawaelewa.

FundiLenzi

Naongezea kuhusu f/4 IS na harusi, swali la tatu.

IS inazuia mtikisiko wa mkono wako, haimzuii bibi harusi kutembea. Watu wanaoingia ukumbini wanataka 1/160 angalau, wanaocheza 1/250. Kama f/2.8 inakupa 1/160 kwa ISO 3200, f/4 itataka ISO 6400 kwa kasi hiyohiyo. 5D Mark IV inaivumilia 6400. Tatizo linaanza ukumbi unapozima taa kubwa na kubaki zile za rangi, pale f/2.8 ilikuwa tayari kwenye 6400, na f/4 inakupeleka 12800. Ngozi zinaanza kupoteza rangi, na weusi wa suti unajaa noizi.

Dawa ya f/4 ni flashi. Kama unatumia flashi ya kudundisha darini au unaweka mbili kwenye stendi kila kona ya ukumbi, f/4 inabeba harusi bila lawama. Kama staili yako ni mwanga uliopo tu, usijidanganye, nunua f/2.8.

Kitu kimoja hakirekebishwi na toleo lolote: sura za watu wa pembeni. Kwa 16mm shangazi aliyesimama mwisho wa mstari atanenepa na kichwa kitavutika kuelekea kona, hata kwa lenzi ghali kuliko zote. Hiyo ni jiometri ya pembe pana, si kasoro. Picha ya familia piga kwa 24 hadi 35mm, rudi nyuma hatua tano. Ukilazimika 16mm, ukumbi na mapambo yaende pembeni, watu wabaki theluthi ya katikati.

Ukumbini

Asanteni sana, tayari nimeona mwanga. Kazi za usiku bila flashi ni nyingi kuliko vyumba, kwa hiyo III imepanda kwenye orodha. Sasa ukaguzi: muuzaji anatoa kama dakika kumi na tano dukani, na lenzi ni ya mtumba. Hatua gani zisirukwe?

FundiLenzi

Dakika kumi na tano zinatosha. Nenda na kamera yako, tochi ndogo ya mwanga mkali na kitambaa kisafi. Usijaribu kwenye kamera ya muuzaji.

Kwanza mwili. Tazama ukingo wa nyuzi za filta. Ukiwa umebonyea, lenzi imeanguka na mbele. Angalia skrubu za mauntini nyuma, pale lenzi inaposhika kamera: vichwa vikiwa vimechubuka, imefunguliwa na fundi. Kufunguliwa si dhambi, ila uliza kwa nini. Mpira mwembamba mweusi unaozunguka mauntini uwepo na usiwe umekatika, huo ndio unaozuia vumbi na maji kati ya lenzi na kamera. Zungusha ringi ya zumu polepole: iwe na uzito mmoja mwanzo hadi mwisho, bila kukwama wala mchanga kusaga. Kwa II, ukizumu utaona kundi la vioo vya mbele likisogea ndani ya bomba. Hiyo ni kawaida yake. Kucheza kushoto na kulia si kawaida.

Pili, vioo. Fungua kifuniko cha mbele na cha nyuma, pitisha mwanga wa tochi kwa pembe, si moja kwa moja. Nukta chache za vumbi zisikutishe. Unachotafuta ni nyuzi kama utando wa buibui, au matawi yanayoanzia ukingoni mwa kioo kuelekea ndani: huo ni fangasi. Ukungu mweupe unaoenea sawasawa ni mvuke wa grisi au unyevu, nao unaua kontrasti. Ukiona kimojawapo, ondoka, hata bei ishuke nusu. Vumbi lililo kwenye kioo cha nyuma kabisa lihesabu kuwa tatizo, kwa sababu kwa pembe pana na f/16 linaacha madoa kwenye anga.

Tatu, apecha. Piga fremu kwa f/2.8, f/5.6 na f/11 kwa mwanga uleule, kamera ikiwa Av (wewe unachagua apecha, kamera inachagua kasi). Picha zote tatu zitoke na mwanga sawa. Ikiwa ya f/11 ni nyeupe kuliko wenzake, pleti hazifungi. Kamera ikitoa Err 01, futa nukta za dhahabu za lenzi na kamera kwa kitambaa kikavu, jaribu tena. Ikirudi kwenye f/8 lakini si kwenye f/2.8, basi ni apecha au waya bapa wake wa ndani, si uchafu.

Nne, na hii ndiyo kubwa: vioo kukaa upande. Wengi hupiga ukuta wa matofali. Ukuta unadanganya, kwa sababu ukiusimamia upande kwa digrii moja tu kona moja itakuwa laini na lenzi haina kosa. Fanya hivi:

– Toka nje, tafuta kitu cha mbali zaidi ya mita 50 chenye mistari midogo: antena juu ya paa, nguzo ya umeme na nyaya zake.
– 16mm, f/2.8, shata zaidi ya 1/500. Fokasi kwenye kitu hicho kikiwa katikati, kwa skrini, ukikuza mara 10. Kisha hamisha swichi iwe MF (fokasi ya mkono), usiguse tena ringi.
– Piga fremu nne, ukiweka antena ileile kwenye kila kona kwa zamu.
– Kuza kona zote nne na uzilinganishe zenyewe kwa zenyewe.

Kona zote zikiwa laini kwa kiasi kimoja, hiyo ndiyo tabia ya toleo hilo. Kona moja ikiwa mbaya wazi kuliko tatu, au upande mzima wa kushoto ukawa tofauti na wa kulia, vioo vimekaa upande. Rudia kwa 35mm. Ukinunua II, hatua hii usiiruke kabisa, kwa maana nyingi zimeshafanya kazi miaka mingi na zimegongwa.

Tano, otofokasi. Piga kitu kilicho mita 2 kwa 16mm na kwa 35mm, mara kwa kitafutio cha juu, mara kwa skrini. Zikitofautiana, 5D Mark IV ina marekebisho ya fokasi yenye sehemu mbili, W kwa upande mpana na T kwa upande mrefu, kila moja kutoka -20 hadi +20. Ikihitaji hadi 8 hivi ni ya kawaida. Ikihitaji 18, mwachie mwenyewe.

Shangani

Hamjambo nyote. Nichangie mawili matatu kwa ajili ya sisi tulio karibu na bahari.

Fangasi wanaotajwa hapo juu hawatoki hewani kwa bahati mbaya, wanalishwa na unyevu uliokaa juu ya asilimia 60 kwa wiki nyingi, giza na begi lisilofunguliwa. Zanzibar, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, unyevu huo tunao karibu mwaka mzima. Lenzi ya mtumba kutoka Nairobi au Arusha kwa kawaida inakuwa imeishi mahali pakavu zaidi, si dhamana, lakini uliza imetumika wapi.

Ukishanunua, ihifadhi kwenye boksi la plastiki lenye mpira wa kubana, weka silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Jeli ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba. Iweke ovenini nyuzi 120 kwa saa mbili, ikirudi rangi yake irudishe bokisini ikishapoa. Mfuko wa ngozi na kipochi cha asili cha lenzi visiwe makazi, vinashika unyevu.

Kwa kazi za hoteli: chumba kina kiyoyozi nyuzi 20, nje ni 32. Ukitoka na lenzi wazi, kioo kinaingia ukungu papo hapo, na usikifute, utakuwa unasugua chumvi. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kutoa. Anza na picha za nje alfajiri, za ndani baadaye, na utakuwa umekwepa shida nzima.

Pia kinga ya vumbi na maji kwenye lenzi hizi inakamilika ukifunga filta mbele. Ufukweni na kwenye mvua, funga. Ukumbini usiku, ifungue. Taa za jukwaani zikipiga kwenye filta bapa zinarudi kama vivuli vya kijani upande wa pili wa fremu, na watu huilaumu lenzi bure.

Ukumbini

Nashukuru, Shangani. Linabaki la filta. Nikichukua III ya 82, hizi za 77 niziuze? Na mwakani mpango ni kuhamia kamera ya Canon R6, je, lenzi itakuwa imepitwa?

KutaNne

Filta za 77 hazitaingia kwenye 82 kwa namna yoyote yenye maana; ringi ya kupunguza itakata kona zote. Kinyume chake kinawezekana: filta ya 82 kwenye lenzi ya 77 kwa ringi ya kupandisha, ila hudi (kikinga mwanga cha mbele) haitakaa tena. Na hudi ziko mbalimbali: EW-88 ni ya II, EW-88D ya III, EW-82 ya f/4 IS. Hakikisha unayopewa ni yenyewe.

Usiziuze haraka, uliza kwanza unazitumia kwa nini. Polaraiza (filta ya kukata mng'ao) kwenye 16mm ni hasara: anga linakuwa na doa jeusi la buluu katikati na weupe pembeni, kwa kuwa pembe ni pana kuliko eneo ambalo mwanga umepangika. Kwa madirisha na mabwawa ya kuogelea inafaa, ukiwa 28 hadi 35mm.

Kuhusu R6, hapo una bahati. Adapta ya Canon ya EF-EOS R haina kioo ndani, inapitisha umeme na mawasiliano yote, na otofokasi inafanyika kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo habari ya W na T inakufa. Ipo pia adapta yake yenye nafasi ya kuchomeka filta nyuma ya lenzi. Filta moja ya polaraiza au ND (ya kupunguza mwanga) inatumika kwa lenzi zako zote za EF, iwe 77 au 82. RF 15-35mm f/2.8L IS ya 2019 ni nzuri, ina IS na milimita moja zaidi ya upana, lakini III kwenye adapta haitakuaibisha. R6 ina kizuia mtikisiko ndani ya mwili, kwa hiyo hata kukosa IS kwa III kunapungua uzito.

FundiLenzi

Nisahihishe kidogo hatua yangu ya nne kabla hujaenda dukani. Ukizumu kutoka 16 kwenda 35mm, fokasi upya. Usitegemee lenzi kushika fokasi sawasawa inapozumiwa; ikihama nawe ukaiacha kwenye MF ya mwanzo, utaona kona zote nne mbovu kwa 35mm na utakataa lenzi nzima isiyo na kosa.